Magamba ya Kamongo

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni na karatasi ya biolojia, nyeupe, safi, imechapwa kwa kompyuta, ina mchoro wa samaki na mishale ya kujaza majina. Nikaichukua nikainusa. Alinicheka mpaka akakaa chini, eti karatasi hainuswi. Nikamwambia ya kwao kweli hainuswi, maana haina harufu yoyote. Sisi karatasi zetu zilinuka wino. Ninyi wa rika langu mnaujua ule wino wa mashine ya kuzungusha kwa mkono, mzito, mweusi, unaopanda puani na kukaa humo mpaka jioni. Ukigusa maandishi kabla hayajakauka, unatembea siku nzima na swali la tatu kwenye kidole. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo mahali moyo unaniruka, na si kwa woga. Kwangu mimi ni harufu ya jambo zuri linalokuja.

Aliyetuletea harufu hiyo ni Mwalimu Boke. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, kati ya Kisegi na Sindo, madarasa manne ya mabati na chumba kimoja kilichoandikwa MAABARA mlangoni. Ndani yake mlikuwa na meza mbili, ndoo, na popo. Kabla yake biolojia ilikuwa ni mwalimu kusoma kitabu na sisi kuandika mpaka vidole vife ganzi. Yeye alitoka upande wa Kuria, kule Migori, mwembamba, sauti ya kuitia ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, na Kijaluo hakujua hata cha kuombea maji. Kwa hiyo tulizungumza naye Kiswahili, hata darasani, Kiingereza kilipotukwama. Kila baada ya wiki mbili alisafiri hadi Homa Bay na stensili zake alizoziandika kwa mkono, akaomba kutumia mashine ya ofisi moja huko, na jioni alirudi na bunda la karatasi na mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

Wacha niwaambie, tulizisubiri zile karatasi. Ya kwanza ilitutuma vichakani kutafuta mdudu mwenye miguu zaidi ya sita. Ya pili tulichemsha majani ya muhogo kwenye spiriti mpaka yakapauka. Ya tatu tulikimbia hadi barabara kuu na kurudi, kisha kila mtu akahesabu pumzi za mwenzake, na wavulana wote wakadai wao hawajachoka. Na kila karatasi ilikuwa na jedwali lenye safu mbili. Safu nyembamba ya kushoto iliandikwa Niliyoambiwa, na ile pana ya kulia Niliyoyaona. Ukijaza ya kushoto peke yake Mwalimu Boke alikurudishia karatasi bila hata alama moja, uwe nani, hata mtoto wa mwenyekiti wa shule.

Sasa nyumbani hatukuwa na furaha kama hiyo. Huo ndio mwaka magugu maji yalipoifunga ghuba yetu. Ulikuwa ukisimama ufukweni huoni maji, unaona kijani tu, na mashua zikakaa nchi kavu majuma na majuma. Ngege, wale perege wa ziwa letu, wakaadimika. Mama yangu, ambaye Baba alimwacha mjane nikiwa darasa la nne, alikuwa akiuza ngege, na karo yangu ilitoka humo. Lakini kuna samaki mmoja aliyeyapenda yale magugu na tope lake, naye ni kamongo. Huyu ni mrefu, mnene kama mkono wa mtu mzima, mwenye utelezi, na anaogofya kidogo ukimtazama usoni. Wachuuzi wa Kosele walimtaka akiwa amekaushwa kwa moshi. Mama akaanza kuwanunua, kuwachuna, kuwakata na kuwakausha nyuma ya jiko. Mimi kazi yangu ilikuwa kuni na kugeuza vipande, na kuwashika wale ambao hawajafa.

Tatizo ni kwamba sisi tulikuwa watu wa Sabato, na watu wa Sabato wa kwetu kamongo hawamgusi. Maandiko yanataka samaki awe na mapezi na magamba, na kila mtoto wa kanisani alijua kwamba kamongo hana magamba. Hilo halikuwa jambo la kujadiliwa. Na Mama hakuwa mshiriki wa hivi hivi tu. Kanisa letu halikuwa na kinanda, Mama ndiye alikuwa kinanda. Alisimama mbele, akaanzisha wimbo peke yake mstari mzima, ndipo sisi wengine tukaingia.

Basi jioni moja akaja Mzee Nashon. Alikuwa mzee wa kanisa, na siku za kazi alikuwa fundi cherehani sokoni Sindo, mtu mpole mwenye miwani na futi shingoni. Aliketi kwenye kiti kizuri, akanywa chai, akasema kwa upole kabisa kwamba mtu hawezi kushika kamongo siku sita, kisha siku ya saba asimame mbele ya waumini na kitabu cha nyimbo. Achague. Mimi nilikuwa jikoni sikio limebandikwa ukutani. Mama alijibu kwamba amesikia, basi. Sabato iliyofuata alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, pamoja na akina mama wenye watoto wa kulia, na mdomo wake ukawa umefungwa.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba alinyamaza hata nyumbani. Mama aliyekuwa akiimba akifua, akiimba akisonga ugali, sasa ulisikia mwiko tu. Mimi kwa akili yangu ya miaka kumi na minne nikaamua kwamba Mzee Nashon amemkataza kuimba popote, na labda ameweka watu wa kusikiliza. Nilianza hata kuwatilia shaka majirani. Na kanisani nyimbo sasa alianzisha Mzee mwenyewe. Usiniulize. Leo alianzia chini mpaka wanaume wakanguruma, wiki ijayo alianzia juu mpaka wasichana wakaacha wenyewe. Nilikuwa nikikaa pale nikitaka kitu kimoja tu duniani, Mama arudi kuimba, na sikuona njia.

Njia ikaja siku ya Ijumaa, ndani ya gunia.

Karatasi ya nne ilihusu namna viumbe wanavyopumua, na Mwalimu Boke alikuwa ametuagiza kila benchi lilete samaki mmoja. Yeye kwao ni ng'ombe na wimbi, samaki kwake ni samaki. Hakujua kwamba ukiwaambia watoto wa kwetu walete samaki yeyote, umewaachia mlango wazi. Mabenchi matatu yalileta ngege wadogo, moja likaleta omena, dagaa wa kwetu, kwenye kikopo, na Otieno, ambaye hakukosa siku ya kutafuta sifa, akaleta kamongo. Alimtoa kwenye gunia akamlaza mezani, mkubwa, kimya, amekauka matope. Kufumba na kufumbua watoto wote wa Sabato walikuwa dirishani. Mwalimu Boke alidhani wanaogopa mdudu. Akawaambia waje, huyu si amekufa tangu asubuhi.

Kamongo akafungua mdomo akavuta hewa. Alivuta kwa sauti, sote tukasikia, kisha akajirusha. Yawa, darasa lile! Ndoo ilimwagika, omena wakasambaa, Otieno mwenye sifa zake alikuwa wa kwanza kupanda dawati, na Mwalimu Boke binti wa wachunga ng'ombe alikuwa juu ya kiti ameshika sketi yake kwa mikono miwili. Na kamongo huuma, hilo si mchezo, ana meno ya kukata kidole. Alikuwa sakafuni akijipinda kuelekea miguu ya wasichana wa mbele.

Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote shuleni kwamba nawashika. Nilikuwa nikinawa kwa majivu na ndimu kila asubuhi ili nisinuke. Lakini mikono ilienda yenyewe. Nikachukua gunia nikamtupia kichwani, nikabana nyuma ya taya kama Mama alivyonifundisha, nikaita mtu aniletee jiwe la kuzuia mlango, na nikagonga mara mbili. Nilipoinua macho darasa zima lilikuwa likinitazama, na wale wa dirishani zaidi. Nilijua kwamba kesho kanisani habari zangu zitafika kabla yangu. Mwalimu Boke alishuka kwenye kiti, akajipangusa, akasema kwa heshima kubwa kwamba mimi, Akinyi, ndiye nitakayeongoza kazi ya leo.

Tukampasua. Na hapo mimi, haki ya Mungu, nikasahau kanisa, nikasahau kila kitu. Ndani yake, nyuma ya mashavu madogo yasiyo na faida, mlikuwa na mapafu. Mapafu, mawili, marefu! Samaki mwenye mapafu! Otieno aliingiza mrija wa kalamu akapuliza nayo yakavimba, tukapiga kelele mpaka darasa la jirani likaja mlangoni. Nilikuwa najaza karatasi mbio mbio, mkono hauandiki kwa kasi ninayotaka. Nikafika kwenye mstari wa magamba. Kushoto nikaandika hana. Kulia nikaandika hana. Nikaenda mbele.

Mwalimu Boke alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaweka kidole kwenye ile safu ya kulia.

"Hapa umeyatafuta, au umenakili ya kushoto?"

Nilitaka kumjibu kwamba Mwalimu, haya hata mtoto wa chekechea wa kwetu anayajua. Nikachukua lenzi, moja kati ya tatu za shule nzima, ili nimwonyeshe. Nilikwangua utelezi kwa majivu, nikachuna kipande cha ngozi, nikakipeleka dirishani kwenye jua. Nikatazama. Nikasogeza lenzi, nikatazama tena. Yalikuwepo. Madogo, membamba, yamepangwa mstari juu ya mstari, yamezama ndani ya ngozi. Mwalimu Boke akatoa kibano chake cha kung'olea nyusi, nikavuta, na moja likatoka. Gamba. Nililiweka kwenye ukucha wangu.

Watoto wa Sabato walianza kuja mmoja mmoja. Hakuna aliyemgusa samaki, lakini kila mmoja alitazama kwenye lenzi. Mimi kichwani mwangu nilikuwa nimeshafika mbali. Mapezi anayo, yale marefu kama kamba. Magamba haya hapa. Basi Mama hana kosa! Nilihisi nitapasuka. Nikamwomba Mwalimu Boke ile lenzi mpaka Jumatatu, lenzi ambayo haikuwa ikitoka shuleni hata kwa mkuu wa wilaya, nikamweleza yote kwa pumzi moja, kamongo, kanisa, Mama, benchi la mwisho. Sijui alielewa nini. Aliifunga kwenye kitambaa chake, akatia kile kipande cha ngozi kwenye kichupa chenye spiriti, akaniambia nisikimbie nisije nikaanguka nayo.

Nilikimbia njia nzima mpaka Sindo.

Mzee Nashon alikuwa akifunga kazi. Ijumaa jua likizama Sabato imeingia, na yeye hakuwa mtu wa kushikwa na sindano mkononi. Nilimsalimia, nikaweka karatasi yangu juu ya cherehani, nikaweka kichupa, nikaweka lenzi, na maneno yote niliyoyapanga njiani yakanikimbia. Nikasema tu kwamba Mzee, naomba utazame. Alinitazama mimi kwanza. Kisha akavua miwani, akainama. Macho ya fundi si macho ya mchezo. Alitazama muda mrefu kiasi kwamba mteja alikuja akachukua suruali yake akaondoka. Akaniuliza hii ngozi imetoka kwa nani, nikasema kwa kamongo, niliichuna mwenyewe mbele ya darasa. Akaomba kibano, nikamwambia sina, akatumia sindano yake, akalitoa gamba moja kwa mkono wake mwenyewe. Akaliweka kwenye kiganja.

"Nyathina," akasema, maana alikuwa akiniita mwanawe, "miaka yote hii nimewakataza watu kitu ambacho sijawahi kukiangalia."

Akafunga cherehani, akavaa kofia, akasema twende kwa mama yangu kabla jua halijazama. Nilitembea mbele yake nikiwa nimevimba. Sijui niseme vipi. Nilijiona mimi ndiye nimemfungulia Mama mlango wa gereza, mimi na karatasi yangu ya biolojia, na nilikuwa nimeshaanza kuona namna atakavyonikumbatia.

Mama alikuwa nyuma ya jiko akiosha visu vya mwisho. Mzee alikataa kiti. Alisimama palepale kwenye moshi, kofia mkononi, akasema yote, kwamba amekosea, kwamba samaki ana magamba, ameyaona, na kwamba atasema hivyo hivyo kesho mbele ya watu. Yeye mwenyewe kumla hawezi, akasema, tumbo lake limezeeka likimkataa, lakini hilo ni shauri la tumbo. Mimi nilikuwa nimeinua kichupa juu ili Mama akione. Hakukitazama. Alimaliza kisu, akakipangusa, akaanza kingine.

"Jaduong', magamba hayo nayajua tangu kamongo wa kwanza," akasema, bila hasira, kwa heshima ile ile ya kumwita mzee. "Yananibaki kwenye kisu kila siku."

Mzee Nashon akamuuliza kwa nini basi hakusema jioni ile.

"Ulikuja kuniambia. Hukuja kuniuliza."

Mzee akazungusha kofia yake. Akasema, kama mtu anayejitetea kidogo, kwamba hata hivyo yeye hakumkataza kuimba, alimwambia tu asisimame mbele. Na Mama akakubali. Hukunikataza, akasema, nilinyamaza mwenyewe. Sauti ilikuwa yangu. Kisha akanigeukia mimi, na kichupa changu bado kiko juu.

"Na huyu wangu amekimbia mpaka Sindo na kioo cha mwalimu, na mimi niko hapa jikoni."

Alisema akitabasamu. Ingekuwa afadhali angenichapa. Ni kweli, nilikuwa nimeshinda naye jiko moja miezi yote hiyo, yeye na kisu, mimi na kuni, na sikuwahi kumuuliza samaki huyu yukoje. Nilimuuliza Mwalimu Boke, nikaliuliza jua la dirishani, nikamuuliza fundi wa Sindo. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba Mama ni mtu wa kuulizwa biolojia. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto.

Mzee alipoondoka nilikaa kwenye kigoda, nikakunjua karatasi yangu juu ya goti, nikaanza kuuliza. Maswali sita yalikuwa yamebaki wazi, ambayo darasa zima lilishindwa, na hata Mwalimu Boke alisema atayatafuta kwenye vitabu. Mama alijibu yote sita mikono ikiwa ndani ya maji. Hupanda juu kuvuta hewa mara ngapi? Inategemea, akasema, akitulia hukaa sana, ukimsumbua hupanda upesi, na wavuvi huotea hapo hapo anapopandia. Yale mapezi ya kamba ni ya nini? Anatembelea, kule chini kwenye tope, hata akiwa kwenye beseni utamwona akitembea. Na ziwa likikauka pembeni? Hujichimbia, akajifunika utelezi wake, akalala mpaka mvua. Mama mwenyewe aliwahi kumfukua mmoja alipokuwa akilima! Aliendelea kunieleza hata baada ya maswali kwisha, na mimi niliandika pembeni mwa karatasi, nikaandika nyuma, nikapenda kila neno, mpaka jua likazama na ikabidi tuweke kalamu chini.

Asubuhi kanisa lilijaa. Habari za darasani zilikuwa zimefika, kama nilivyojua, na watu walinitazama mikono. Mzee Nashon alisimama mbele akasema kila kitu bila kujificha, kwamba alimhukumu dada yetu kwa jambo asilolichunguza, na kwamba hata jana hangelichunguza kama mtoto hangemletea. Kisha akamwomba Mama aje mbele aanzishe wimbo.

Mama hakuinuka. Watu wakasubiri. Mtoto mmoja akalia akanyamazishwa. Mzee alibaki amesimama na kitabu kimefunguliwa, na nikaona kwamba ataanzisha mwenyewe, nikafumba macho nikisubiri ile sauti ya chini.

Wimbo ukaanzia nyuma. Kutoka kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, mstari mzima peke yake, sauti ile ile ambayo nilikuwa sijaisikia tangu Mzee aje kunywa chai kwetu. Mzee Nashon akafunga kitabu. Na watu wote, benchi baada ya benchi, wakainuka wakageuka, wakaipa mimbari mgongo, ili wamfuate.